Ratiba ya Kumpeleka Bibi Baharini

Sasa magoti yangu ni magoti ya Bibi. Nikiinuka kitini nasimama kwanza, nashika ukuta, nasubiri yakubali, ndipo natoa hatua. Wajukuu wangu wananisubiri kwa adabu, lakini najua ndani ya ile adabu kuna haraka. Naijua vizuri kwa sababu nilikuwa nayo mimi kabla yao. Kila ninaposubiriwa namkumbuka Bibi, na inayotangulia kichwani ni ile siku moja ya Tanga. Alinipa siku nyingi nzuri, mamia, lakini hiyo ndiyo inayosukuma wenzake na kuja mbele.

Namsema bibi mzaa mama. Alinilea tangu nikiwa na miaka minne, katika nyumba ya udongo upande wa juu wa Lushoto, mahali ambapo ukungu huingia jikoni bila kupiga hodi na hautoki mpaka saa nne. Aliniita mke mwenza, utani wa mabibi kwa wajukuu wa kike. Babu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo tulikuwa wake wenza tusio na mume wa kugombea, na Bibi alisema ndiyo maana tunaelewana. Sijaitwa hivyo tena tangu aondoke. Natamani kuitwa hivyo kuliko ninavyotamani kurudishiwa magoti.

Uhuru ulikuwa bado mchanga, na maneno ya ujamaa yalikuwa yameshapanda mpaka kwenye vijiji vyetu vya juu kabisa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, msichana mwenye chaki kwenye nywele na kujiona kwingi. Mchana, wanafunzi wakishaondoka, tulifundisha watu wazima. Bibi alikuja siku ya kwanza kabisa akiwa amejifunga kanga ya kanisani, akakaa dawati la mbele, magoti yakigonga mbao. Hakukaa mbele kwa bidii peke yake. Macho yalikuwa yameanza kufifia.

Siku moja nilichora ramani ya nchi ubaoni, na upande wa kulia nikapaka chaki ya bluu. Bibi akanyoosha mkono na kuuliza pale pana nini. Nikajibu kwamba ni bahari. Akauliza kijito chetu, kile kinachopita chini ya mahindi, kinaishia wapi. Nikafuata kwa rula: kinashuka milima, kinaingia mto mkubwa huko nyikani, na mto unaingia baharini. Tulipokuwa tunapanda kurudi nyumbani, aliniambia kwamba amechota maji ya kijito kile tangu akiwa binti, amefulia nepi za watoto saba, ameoshea maiti za wawili kati yao, na siku zote aliyaona yakiondoka bila kujiuliza yanakwenda kwa nani.

"Mke mwenza," alisema, "nataka nikayaone yalikofikia. Kabla dirisha halijafungwa."

Dirisha ni macho yake. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Daktari wa macho aliyepita mwaka ule alimwangalia na kusema ugonjwa bado haujakomaa, hauwezi kukatwa, tusubiri ukomae, na ukikomaa atakuwa haoni kitu mpaka zamu nyingine ya daktari, ambayo hakuna aliyejua ni lini. Aliniambia pia jambo moja nikaliandika: mwanga mkali ni adui yake. Na kweli, asubuhi ya ukungu Bibi aliweza kukuonyesha mbuzi wa jirani ng'ambo ya bonde, lakini jua likichomoza vizuri kila kitu kiligeuka maziwa. Nikaelewa kazi yangu. Bahari ionwe asubuhi na mapema, jua likiwa bado halijapata nguvu, na ionwe mwaka huu.

Basi nikapanga. Tanga niliijua, nilikuwa nimekaa kule miezi mitatu kwenye semina ya walimu, na rafiki niliyempata semina, mwalimu mwenzangu, aliishi Ngamiani kwa wakwe zake. Nikamwandikia barua. Akajibu kwamba tufike, nyumba ni yetu. Likizo fupi iliyotangulia nilishuka peke yangu, nikalala kwake, na asubuhi nikatembea kutoka mlangoni kwake mpaka kwenye bustani iliyo juu ya bahari nikihesabu hatua, lakini hatua za Bibi, fupi fupi, huku watu wakinitazama kama mgonjwa. Niliandika kila mahali pa kukaa: baraza la duka la nguo lenye kivuli mpaka saa tatu, shina la mwarobaini lenye mzizi uliotoka nje kama kigoda, ngazi mbili za ofisi ambazo mlinzi wake hafukuzi watu, kisha mabenchi ya bustanini. Niliandika vyoo. Niliandika mahali ambapo lami imebomoka, na mahali pa kuvuka reli bila kuinua mguu juu sana. Nilikagua na ngazi zinazoshuka mpaka majini, nikaona ni mbovu, zina ukungu wa kijani, magoti yale hayaziwezi. Nikaandika: tutatazama kutoka juu.

Bibi hakutaka kwenda peke yake, akamchukua jirani yake, mjane mwenziwe mwenye nyonga mbovu, aliyewahi kuwapikia masista Kifungilo. Jirani alikuwa Mkatoliki, Bibi Mlutheri, na kila Jumapili walipokutana njiani walitaniana nani kati yao alisali kifupi. Nilimuuliza jirani anataka kuona nini. Akasema anataka kuona ghorofa, ndefu kuliko zote, lakini asipandishwe. Nikamwekea kipindi chake, saa nne na nusu, kutazama ghorofa kutoka kwenye benchi.

Ratiba yenyewe niliiandika kwa vipindi, kama ya shule, kwenye daftari. Kuondoka nyumbani kwa rafiki saa kumi na mbili na nusu. Bahari saa moja na nusu. Chai saa tatu. Soko kwa nje tu, kwa sababu ndani panateleza. Ghorofa. Chakula, usingizi, na jioni kukaa barazani. Siku yenyewe ilikuwa moja, haikuwezekana mbili. Ruhusa ya kusafiri tuliiomba kwa balozi wa nyumba kumi, naye alituuliza tunakwenda kufanya nini. Nilipomjibu kwamba tunakwenda kutazama bahari, aliweka kalamu chini akanitazama kwa huruma. Akaandika matibabu ya macho. Na akatuambia tuwe tumerudi kabla ya siku ya shamba la kijiji.

Nilimsomea Bibi ratiba yote jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ni kazi nzuri, na kwamba hata walioleta mahari yake kwao hawakupanga vizuri hivyo. Nililala usingizi wa mtu aliyeshinda.

Tulishuka kwa basi. Sitasimulia kona za kutoka Soni mpaka Mombo, aliyezipita anazijua, na wale mabibi wawili walizipita wakiwa wamefumba macho na ndimu puani. Nyikani kulikuwa na joto la kukata pumzi. Jirani alisema kama huku ndiko maji yetu yanakokimbilia, basi hayana akili. Bibi alicheka mpaka akasahau kutapika. Tulifika Tanga jioni, wenyeji wetu wakatupokea kwa bada, ule ugali wa muhogo, na samaki, na mabibi wakalala mapema chini ya chandarua kimoja.

Asubuhi ndipo nilipojua nilichosahau.

Nilikuwa nimehesabu hatua, vivuli, vyoo na ngazi. Sikuwa nimehesabu watu. Mimi niliyezaliwa na kukulia Shambaai, niliyechapwa nikiwa mdogo kwa kumpita mtu mzima mbio, niliishika kalamu nikapanga siku ya mwanamke wa Kishambaa na nisiweke hata dakika tano za salamu. Kwetu watu hawasalimiani huku wanatembea. Ukikutana na mtu unasimama. Ukiwa na mzigo unautua. Unauliza alivyoamka, unauliza nyumba, watoto, mgonjwa kama yupo, mahindi, mvua, kisha yeye naye anakuuliza vilevile kwa mpangilio wake, na kwa yule mkubwa huondoki mpaka akuruhusu. Njia ya kwetu inapitisha watu kumi kwa asubuhi nzima, kwa hiyo inatosha. Ngamiani hupitisha watu kumi kabla hujafunga mlango.

Hatukutoka saa kumi na mbili na nusu. Mkwe wa rafiki yangu, mama mtu mzima, alikuwa hajaamka, na Bibi alisema yeye haondoki kwenye nyumba ya mtu kama mwizi. Tukamsubiri. Alipoamka wakasalimiana, kisha ikaletwa chai na mihogo, na Bibi akafungua kikapu cha mapeasi aliyoyaleta kutoka nyumbani, akaeleza kila peasi limetoka mti upi. Saa mbili na robo tulikuwa mlangoni. Nilijikaza, nikajiambia jua bado la kuvumilika.

Mlangoni palikuwa na mwuza vitumbua. Alisema shikamoo bibi, naye Bibi akasimama, akaegemeza fimbo, akaitikia, na kuanza. Yule mama alikuwa na mguu uliovimba. Bibi aliuliza umevimba tangu lini, nani anamchotea maji, watoto wako wapi. Hatua ishirini mbele kulikuwa na fundi baiskeli. Kisha wakaja wanafunzi wanakwenda kumwagilia bustani ya shule, kundi zima, na watoto wa siku zile walilelewa. Walipoona wazee wawili walitoa shikamoo mmoja mmoja, na Bibi akaitikia mmoja mmoja, akiwauliza wengine ni watoto wa nani. Jirani alikaa kwenye lile baraza la duka lenye kivuli, akala kitumbua, akaniambia kwa utulivu kwamba tukienda hivi tutafika Krismasi.

Nilikuwa nikiangalia saa. Nilikuwa na saa ya mkononi, niliinunua kwa mshahara wa kwanza, na nilikuwa mtumwa wake. Nilimshika Bibi kiwiko, nikamvuta kidogo, kwa heshima. Akaja. Kwenye ngazi za ofisi, mlinzi asiyefukuza watu alitusikia tukisema Kishambaa akainuka. Alikuwa mtu wa Bumbuli. Miaka tisa hajapanda nyumbani. Bibi akamwita mgosi, mwanamume wa kwetu, akamwambia onga mshi, salamu yetu, na yule mtu mzima mwenye rungu mkononi akalitua rungu ndipo akajibu. Wakaanza kutafutana ukoo. Walipitia mabonde yote ya kule, nani alimzaa nani, nani alioa wapi, mpaka wakafika kwa shangazi yake ambaye Bibi alimjua, na Bibi ndiye aliyempa habari kwamba shangazi huyo alishazikwa, misimu miwili ya mvua iliyopita. Mlinzi alikaa chini kwenye ngazi. Bibi akakaa naye, akamshika mkono. Lakini jua lilikuwa limeshapanda juu ya mabati, nami niliona siku yangu ikimwagika.

Tulipoinuka ilikuwa inakaribia saa nne na nusu. Tulikuwa hatujafika hata kwenye reli. Pale relini mwanamke mmoja aliyebeba mkungu wa ndizi alimsalimia Bibi, na Bibi akasimama tena, na akampa yule mwanamke ishara kwamba autue mzigo.

Hasira yangu ni ya kuwaka haraka, waliosoma kwangu wanajua. Siku ile iliwaka mbele ya watu.

"Bibi, huku ni mjini," nilisema. "Watu wa hapa hawasalimiwi hovyo hivyo. Ukiendelea hivi hiyo bahari hutaiona."

Nilisema kwa Kiswahili, siyo kwa Kishambaa, na nilisema kwa sauti ya darasani. Mwanamke mwenye ndizi aliinamisha kichwa akapita. Jirani alitazama reli. Bibi alinigeukia, akanitafuta uso kwa yale macho yake, sidhani kama aliuona vizuri, kisha akaishika fimbo sawasawa.

"Haya, mwalimu," alisema.

Hakuwahi kuniita mwalimu, hata darasani. Akaanza kutembea, na kwa kweli alitembea, sijui nguvu alizitoa wapi, fimbo ikigonga lami, uso chini. Watu walisema shikamoo, naye akasema marahaba bila kusimama. Mzee mmoja alimsalimia na kungoja, kama anavyongojwa mtu wa heshima, naye akampita. Niliona yule mzee alivyogeuka kututazama. Nilikuwa nimepata nilichotaka. Ratiba ilikuwa inakwenda, hatukukaa kwenye mwarobaini wala popote, na mimi nilikuwa natembea nyuma yake nikitamani asimame na mtu, yeyote, hata ombaomba.

Tulifika bustanini saa tano. Hakukuwa na wingu hata moja. Bahari ilikuwa chini yetu, imetandazwa mpaka mwisho wa macho, na jua lote la mbinguni lilikuwa limeangukia juu yake na kurudi usoni mwetu. Hata mimi mwenye macho mazima nilikunja uso. Nilimkalisha Bibi kwenye benchi nililolichagua, lile lililoelekea maji. Aliweka kiganja juu ya macho. Aligeuza kichwa pole pole, kushoto, kulia. Machozi yalimtoka, lakini yalikuwa ya ule mwanga.

"Ni nyeupe," alisema. "Yote ni maziwa."

Nikamwambia angoje macho yazoee. Tukangoja. Jirani alikuwa ameshageuka upande wa mjini na kuipata ghorofa yake, anaihesabu madirisha. Bibi alitoa kiganja, akajaribu jicho moja, akajaribu lingine, kisha akayafumba yote mawili na kuweka mikono mapajani.

"Basi niambie wewe," alisema. "Ikoje?"

Hapa ndipo ninaporudi kila siku. Alikuwa amekaa karibu nami, bega kwa bega. Amezipita zile kona na ndimu puani, amevuka nyika, amenyamazishwa barabarani na mtoto aliyemlisha kwa mkono wake, na bado alikuwa tayari kuazima macho yangu. Ningeweza kumwambia mengi, mwalimu mzima wa Kiswahili. Lakini nilikuwa bado nimemkasirikia, na nilikuwa nimejikasirikia zaidi, na aibu ikiwa nyingi kifuani haiachi nafasi ya kusema.

"Ni maji, Bibi," nilisema. "Maji mengi tu."

Akaitikia kwa kichwa. Alikaa muda akisikiliza, nadhani, kisha akauliza kama tunaweza kushuka akayaguse. Nikamwambia ngazi ni mbovu. Ilikuwa kweli, ilikuwa kwenye daftari. Hakubisha. Nilipanga asichoke, na siku ile hakuchoka.

Mchana nilimwomba turudi jioni jua likipoa, nikasema nitatafuta hata mkokoteni. Alisema yeye si gunia la viazi, na kwamba nimehangaika vya kutosha. Alisema bila chuki. Ningependa angekasirika. Alfajiri ya kesho yake basi lilituchukua, na tulipoanza kupanda kutoka Mombo na ile baridi ya kwetu ikaingia madirishani, mabibi wote wawili walishusha pumzi, na Bibi akanifunika bega kwa ncha ya kanga yake. Sikustahili, na nililia kidogo kwenye kanga hiyo nikisingizia vumbi.

Nyumbani watu walijaa jikoni kusikiliza habari za Tanga. Jirani alisimulia ghorofa mpaka ikafika mbinguni. Bibi alisimulia watu. Alimsimulia mwuza vitumbua na mguu wake, wanafunzi, na yule mgosi wa Bumbuli, na palepale akamtuma mtu apeleke salamu kwa ukoo wa mlinzi kwamba kijana wao yu hai. Mmoja akauliza, na bahari je? Nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria. Bibi alisema ni maji mengi. Akasema mwalimu alimweleza. Wakaridhika, kwa sababu ilikuwa jibu la kutosha kwa watu ambao hawakuwa na shida na bahari. Mwenye shida alikuwa yeye peke yake.

Likizo iliyofuata nilishuka Tanga bila kumwambia. Niliondoka kwa rafiki yangu gizagiza nikafika bustanini kabla ya jua, na asubuhi ile ilikuwa na mawingu, asubuhi ileile niliyokuwa nimemwombea. Nilikaa na daftari mpaka vidole vikauma. Niliandika kila kitu, na niliandika kwa vitu anavyovijua. Kisha nikashuka zile ngazi, nikishika ukuta, na nikaona kwamba kwa mtu wa kumshika mkono na kumngoja kila ngazi, hata Bibi angefika. Ilihitaji muda tu.

Nilimkuta jikoni anamenya maharage kwa kupapasa. Miezi ile michache ilikuwa imemaliza kazi. Alikuwa anaona moto kama mahali penye mwanga, na mimi alinijua kwa hatua. Baada ya masimulizi yale hakurudi kuniita mwalimu, usiku uleule aliniita mke mwenza kama kawaida, lakini mimi ndiye nilikuwa sijajisamehe. Nikamwambia nimemletea bahari. Nikafungua daftari nikamsomea kwa Kishambaa, nikitafsiri hapohapo, kwa sababu nilikuwa nimeiandika kwa Kiswahili na Kiswahili ndicho nilichomgombeza nacho.

Nilimwambia kwamba asubuhi kabla ya jua rangi yake ni ya jani la kabichi, lile la nje kabisa. Nilimwambia kwamba kule mbali inapokutana na mbingu pamenyooka kama kamba ya kupimia matuta, na hakuna kilima hata kimoja cha kuzuia macho. Kwamba haikai kimya, inakuja na kurudi, inakuja na kurudi, kama mtu anayesukuma unga kwenye ungo. Kwamba ukionja ni chumvi. Kwamba nilishuka nikatia mkono, na maji yalikuwa ya vuguvugu, na nilijaribu kufikiri ni yapi kati yake yaliyopita chini ya mahindi yetu, nikashindwa. Nilimwomba radhi pia, kwa lile neno la relini na kwa lile la kwenye benchi. Hilo sikuliandika, lilitoka lenyewe.

Bibi hakuacha kumenya. Alisikiliza mpaka nikafunga daftari, na hata baada ya hapo akaendelea kusikiliza, maganda yakianguka kwenye kanga yake. Radhi aliikubali kwa kunipapasa goti mara moja. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea, na daftari langu halikuwa nacho.

"Na ng'ambo yake," alisema, "kuna watu?"

Nikamwambia wapo. Nikamwambia kuna visiwa, Pemba na Unguja, na ukizidi kwenda kuna nchi nyingine, kuna Bara Hindi, kuna watu wengi kuliko sisi, wanaamka, wanalima, wanauguza wagonjwa wao.

Bibi aliacha kumenya. Akageuza uso upande wa mlango, kule mlima unakoshukia, kama mtu anayekadiria umbali.

"Ungeniambia siku ile tuko pale," alisema, "ningewasalimu."